Shukrani za Tanurini kwa Mheshimiwa Kamishna

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, lakini haliruhusiwi kuandikwa na mtu asiye na kibali, na kibali changu kiko njiani mwaka wa tatu sasa. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu. Ni nchi ya amani. Ina wizara ishirini na tisa, kila wizara ina lango, na kila lango lina mtu mpole wa kukuambia urudi kesho. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, nilisoma hadi darasa la nne, nami nitaandika mambo kama nilivyoyaona. Nikikosea herufi, nisamehewe. Nikimtaja mtu, sikukosea.

Ninachotaka kueleza ni jinsi klabu ya vijana ya mpira wa wavu ya mtaa wetu wa Tanurini ilivyoanza na ilivyokua, na jinsi nilivyomshukuru Mheshimiwa Polikarpo Manyerere kwa yote aliyotutendea. Watu wabaya wanasema nililipiza kisasi. Mimi si mtu wa kinyongo. Nilikiweka tu mahali pakavu kwa miaka mitano kisiharibike.

*

Klabu ilianzia kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo. Mjukuu wangu Siwatu alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja nilitoka jikoni nikamkuta yuko upande huu wa kamba, wenzake wako upande ule, wanarushiana furushi la matambara juu ya shuka langu jeupe.

"Mnafanya nini na shuka la watu?"

"Tunacheza, Bibi. Furushi likianguka kwako, umeshindwa."

"Na shuka likianguka?"

"Hapo tumeshindwa sote, mke mwenzangu, maana utalifua wewe na mimi nitachapwa."

Ndivyo anavyoniita tangu marehemu mume wangu alipokuwa akimtania kwamba atamwoa. Nilicheka, nikaondoa shuka, nikawaachia kamba.

Mwalimu Kasiani alikuwa anapita. Huyu alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mji mkuu kwa adhabu. Kosa lake ni kwamba katika mkutano mmoja, mwenyekiti aliposema, "Nani ana swali?" yeye akauliza swali. Alisimama kwenye ua wangu akawatazama watoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mchezo huu una jina, na una sheria."

"Sheria zake ni nyingi?"

"Chache. Watu sita kila upande, na usiuache mpira uguse chini."

Nikaona ni sheria nzuri kuliko nyingi ninazozijua.

Mwisho wa mtaa palikuwa na shimo la zamani la kufyatulia matofali. Watoto tisa na Mwalimu walilisawazisha kwa majembe kwa miezi miwili. Wavu niliufuma mimi kwa nyuzi za viroba. Mzee Chande, fundi baiskeli, alikata mpira wa ndani wa gurudumu lake mwenyewe ili tupate mikanda ya kuufungia wavu, na wiki nzima alitembea kwa miguu bila kumweleza mtu sababu. Bi Rukia, mshonaji, alifumua mkoba wake wa harusi akatushonea mpira. Na mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu. Kila Ijumaa kila nyumba ilileta kopo la majivu ya jikoni kwake. Hakuna aliyeandikiwa barua.

Kulikuwa na askari wa zamu pia, maana kwetu mkusanyiko wa watu zaidi ya watano hutawanywa. Alikuja, akahesabu watoto kwa sauti, "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano." Akageuka akatazama barabara kidogo. Kisha akageuka tena akahesabu waliobaki, "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Akaandika kwamba aliona mikusanyiko miwili midogo. Sikumsahau.

*

Mwalimu alisema klabu lazima isajiliwe. Tukaenda katika Kamisheni ya Mipira Inayopita Juu. Msiichanganye na Kamisheni ya Mipira Inayopita Chini, inayoshughulikia kandanda. Makamishna wao hawasalimiani. Golikipa akipiga mpira mrefu, jalada la mechi huhamishwa kutoka jengo moja hadi jengo la pili, na mpira ukitua hurudishwa. Ndiyo maana mechi zetu za kandanda huchukua muda.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Swali la saba liliuliza, "Je, mpira huu umewahi kuondoka nchini?" Mwalimu aliandika, "Kwenda juu tu." Hilo likatuchelewesha miezi minne.

Mwishowe tuliingizwa kwa Kamishna mwenyewe, Mheshimiwa Manyerere. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, amenyoa vizuri. Nilisimama mbele yake, nywele zangu nyeupe, Siwatu ananishika mkono. Kamishna akaninyooshea vidole viwili. Akaningoja. Nikaelewa anangoja nini. Mwanamume niliyeweza kumzaa alikuwa anangoja nimwamkie.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikasema.

"Marahaba," akajibu, wala uso haukumbadilika. Siwatu akaniachia mkono kwa aibu, kama mtu aliyeona mama yake amevuliwa kilemba sokoni. Nikalichukua jambo lile nikaliweka.

Kisha akaanza kusoma. "Huu wavu ni wa nini?"

"Unatenganisha pande mbili, Mheshimiwa," alisema Mwalimu.

"Nchi hii ina upande mmoja."

"Ni mchezo tu. Na seti ikiisha, wachezaji wanabadilishana pande."

Kamishna akaweka kalamu chini taratibu. "Wanabadilishana pande? Mchana? Watu wakiona?"

Ilibidi tusubiri wiki sita wataalamu wakae. Walikaa, wakatoka na masharti. Katika kila mechi upande mmoja utaitwa Serikali, na upande wa pili utaitwa Serikali Pia. Hivyo yeyote atakayeshinda atakuwa ndiye anayestahili. Sharti la mwisho lilisema mtoto asiguse mpira mpaka mgeni rasmi azindue uwanja, na mgeni rasmi awe Kamishna.

*

Siku ya uzinduzi watoto walipangwa kwenye mstari saa moja asubuhi. Mheshimiwa alifika saa tisa alasiri. Akashuka chini ya mwavuli mkubwa uliobebwa na Ofisa Itifaki wake, kijana mwembamba aitwaye Onesmo, akapanda jukwaani akahutubia kuhusu umuhimu wa kivuli kwa afya ya vijana.

Alipofika sehemu ya faida za maji safi, Siwatu akaanguka. Alianguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba, bila sauti. Nikakimbia. Kamishna akainua mkono.

"Mwacheni! Huyu amezidiwa na furaha. Waandishi, mmeona? Andikeni kwamba mtoto mmoja alifurahi mpaka chini."

Watu wa wilayani wakapiga makofi. Nilimbeba mgongoni peke yangu mpaka kwenye ukuta wa Mzee Chande. Lakini nikitenda haki lazima niseme hili: Onesmo, macho yake yakitazama mbele, aliusogeza mwavuli inchi mbili upande wetu, na zile inchi mbili zilifika usoni mwa mtoto. Nilizihesabu zote mbili.

Kabla ya kuondoka Mheshimiwa aliweka jiwe la msingi. Aliliweka katikati ya uwanja, upande wa kushoto wa wavu, kwa sababu hapo ndipo mpiga picha alipokuwa amesimama. Ni jiwe refu kufika magotini, lina jina lake lote. Mwalimu aliomba lisogezwe. Tukajibiwa kwamba jiwe la msingi halisogezwi, na kwamba mpira ukiligusa ni dharau kwa Mheshimiwa na utakamatwa.

Mwezi wa kwanza ilikamatwa mipira kumi na mmoja. Iko mahabusu mpaka leo, upelelezi haujakamilika.

Lakini ndipo klabu ilipokua. Mtoto anayejua kwamba mpira ukidondoka utafungwa jela hauachi udondoke. Walijifunza kujitupa, kuteleza kwa tumbo, kuuokoa mpira kwa ngumi, kwa kichwa, wakizunguka lile jiwe kama wanazunguka jiko la moto. Walipokwenda kucheza kwa watu, kwenye viwanja visivyo na jiwe, waliona wamepewa dunia nzima. Wakashinda mtaa, wakashinda wilaya, wakashinda mkoa. Kutoka watoto tisa wakawa sitini. Jioni akina mama walikuwa wanaleta uji bila zamu, na uji hauishi. Siwatu akawa nahodha. Alifika miaka kumi na saba, mrefu, viganja vigumu kama vya mpagazi.

Mwaka wa tano ikaja barua. Vijana sita wa Tanurini wanaalikwa mji mkuu kugombea Kombe la Taifa. Mwalimu akapeleka orodha, wasichana wanne na wavulana wawili, jina la kwanza Siwatu. Siku ile mtaa mzima ulipika pilau.

*

Siku tatu kabla ya mashindano Onesmo alikuja nyumbani kwangu peke yake, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda."

Akakaa kwenye kigoda akatueleza. Mheshimiwa ameifurahia sana klabu, na kuanzia sasa itaitwa Klabu ya Mheshimiwa Manyerere. Na kwa kuwa ni yake, ameandika orodha mpya ya wachezaji sita: wanawe wawili, wapwa zake watatu, na shemeji yake.

"Shemeji yake ana miaka mingapi?" aliuliza Siwatu.

"Arobaini na tatu. Lakini kwa kanuni mpya, kijana ni mtu yeyote aliye na mtu mzima wa kumsemea."

"Na sisi?"

Onesmo akatazama vidole vyake. "Nyinyi mmepandishwa cheo. Mtakuwa Watazamaji wa Taifa."

Siwatu hakulia. Alinyanyuka akaenda kusimama karibu na kamba ya nguo, akatugeuzia mgongo. Huo mgongo wake ndio ulionipa akili. Nikamwongezea Onesmo uji, nikamuuliza pole pole orodha hiyo inapelekwaje. Akaniambia Kamishna lazima aikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, mji mkuu, Alhamisi kabla ya saa kumi. Asipoikabidhi, inabaki ile ya Mwalimu. Lakini Alhamisi hiyo hiyo njiani atapitia kwetu saa sita, awatangazie watoto cheo chao, kwa sababu Mheshimiwa hajawahi kupita mahali penye kipaza sauti bila kusimama. Na Redio ya Taifa itatangaza moja kwa moja.

"Bibi," akasema Onesmo, "nimetumwa nitafute mtu wa kutoa neno la shukrani."

"Mimi nitalitoa."

Akatoa mkobani kitabu chembamba, Mwongozo wa Kushukuru. Mheshimiwa alikiandika mwenyewe baada ya mwalimu mkuu mmoja kumshukuru kwa sentensi moja tu. Onesmo akanisomea kifungu kwa kifungu, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Kifungu cha nne: anayeshukuriwa atasimama mpaka mwenye kushukuru atamke mwenyewe, "Nimemaliza kushukuru." Cha tano: shukrani ikikatizwa na anayeshukuriwa, huanzwa upya. Cha sita: akiondoka kabla haijaisha, ameikataa shukrani ya wananchi, na hapo hapo amejiuzulu. Cha saba: jua likitua, shukrani hupumzika na huendelea asubuhi.

"Mheshimiwa anapenda shukrani ndefu," alisema.

"Ndefu kiasi gani, mwanangu?"

Onesmo akafunga kitabu. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Kiwango cha chini ni dakika kumi, bibi. Cha juu hakikuwekwa."

*

Alhamisi Mheshimiwa alifika saa sita na nusu. Alikuwa na haraka, akahutubia nusu saa tu. Aliwapongeza watoto kwa kupandishwa cheo. Akawaambia kucheza ni kwa muda, kutazama ni kwa maisha. Orodha yake ilikuwa mfukoni mwa koti, ncha yake imechungulia nje.

"Sasa," akasema, "bibi atanishukuru."

Nikapanda jukwaani. Mtu wa redio akanisogezea kipaza sauti. Jua lilikuwa utosini. Onesmo akafunga mwavuli, maana Mwongozo unasema anayeshukuriwa aonekane vizuri na wananchi.

"Mheshimiwa Kamishna," nikaanza, "mimi ni mzee, na wazee tunashukuru kwa mpangilio. Nitaanza na kamba."

Nikamshukuru kwa kutoikataza kamba yangu ya nguo. Nikaeleza ilinunuliwa wapi na nani aliisokota. Nikamshukuru kwa kutomkataza Mwalimu Kasiani kupita njia ile asubuhi ile. Nikamshukuru kwa majembe saba yaliyolima uwanja, ambayo hakuyataifisha, nikayataja moja moja, mpini kwa mpini na mwenyewe kwa mwenyewe. Kwa kila jina mwenye jina alisimama, watu wakampigia makofi, akaketi.

Saa nane kasorobo Kamishna alinong'ona, "Bibi, fupisha."

Nikanyamaza. Nikamtazama Onesmo. Onesmo akasogea kwenye kipaza sauti.

"Shukrani imekatizwa," akatangazia taifa. "Kifungu cha tano. Bibi, tafadhali, upya."

"Mheshimiwa Kamishna," nikasema, "nitaanza na kamba."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Taratibu bibi, usije ukasahau fundo!" Watu wakacheka, hata askari wa zamu, aliyekuwa anatuhesabu watano watano.

Saa nane na nusu nilikuwa nimerudi kwenye majembe. Kamishna alimvuta Onesmo pembeni kidogo, hatua moja, mguu wa pili ameubakiza mahali pake. Niliwasikia vizuri.

"Chukua hii orodha uipeleke wewe!"

"Haipokelewi, Mheshimiwa. Mkono wa Kamishna tu. Ulisema sisi hatuaminiki."

"Basi naondoka mwenyewe!"

"Ukiondoka umejiuzulu. Na ukifika kule si Kamishna tena, hawatakupokea na hiyo orodha."

"Onesmo, mimi nilikulea!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimeliwekea hilo nafasi kwenye shukrani, bibi atalifikia."

Wakati huo redio ikaleta ujumbe. Mkuu wa Nchi alikuwa anasikiliza akiwa anakula. Amesisimka. Hajawahi kusikia wananchi wakishukuru kwa kina namna hii, na anaagiza mtu yeyote asimguse yule bibi. Nikamshukuru naye kwa heshima zote, nikarudi kwenye jembe la sita.

Jasho lilimshuka Kamishna kutoka kichwani likaingia kwenye kola. Saa kumi kasoro dakika ishirini uso wake ulibadilika. Alinigeukia kabisa, mikono ameishikanisha, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto wa shule aliyevunja chungu.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Shikamoo, mama yangu. Nakuomba."

Nilimwona Siwatu mbele kabisa, macho yameng'aa. Nilingojea miaka mitano kulisikia neno hilo, nalo lilikuja tamu kuliko nilivyodhani.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu kwa upendo wote. Kisha nikamgeukia Onesmo. "Je, huko ni kukatiza?"

"Ni kukatiza, bibi."

"Nitaanza na kamba," nikasema.

*

Saa kumi ilipolia kwenye redio nilikuwa naeleza juu ya viroba. Mwalimu Kasiani akapanda jukwaani, akanipitishia karatasi. Ameandika, "Mama, muda umepita. Orodha yetu imebaki. Maliza, ukapumzike." Nyuma ya uwanja kulikuwa na lori la vitunguu limewashwa, tayari kuwapeleka vijana sita mji mkuu. Mashindano ni kesho yake asubuhi.

Nilisoma ile karatasi. Ningeweza kusema maneno mawili, Nimemaliza kushukuru, sote tukaenda zetu. Nilimtazama Kamishna. Naye alikuwa ameisoma kwa jicho la pembeni, na nilimwona akianza kulegeza mabega, akitafuta kiti chake kwa mkono. Kiti kilikuwa hatua mbili nyuma yake. Alikuwa ameshasahau habari ya watoto. Alidhani yamekwisha.

Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye pindo la kanga. "Nawashukuru walioleta majivu," nikasema kwenye kipaza sauti. "Ni nyumba mia na nne. Nyumba ya kwanza ni ya Mama Tabia."

Siwatu alikuja chini ya jukwaa, begi begani. "Bibi, si tumepona? Maliza basi, miguu yako itavimba."

"Panda lori. Na ukifika usiuache mpira uguse chini."

"Na wewe?"

"Mimi niko kazini."

Jua lilipotua shukrani ikapumzika, nikaenda kulala. Mheshimiwa alipumzika palepale, kwa mujibu wa kifungu cha nne. Asubuhi nilimkuta amesimama, ameegemea kipaza sauti. Nikampelekea uji wa ulezi, nikamfuta uso kwa ncha ya kanga, nikaendelea na nyumba ya thelathini na mbili.

Saa nne redio ilituacha kidogo ikaenda mji mkuu. Tanurini walikuwa wamepangiwa upande wa Serikali Pia. Tulisikia yote, uwanja mzima, na Kamishna akiwa amesimama katikati yetu. Seti ya kwanza tulipoteza. Ya pili tukapata. Ya tatu mtangazaji alipoteza sauti kabisa, tukasikia tu ngozi ya mpira ikilia mikononi, kisha kelele. Akarudi akikohoa: "Serikali imeshindwa! Narudia, ndugu wananchi, Serikali imeshindwa na Serikali Pia!" Wanasema katika nchi nzima watu walitoka nje wakakumbatiana, na hakuna aliyekamatwa kwa sababu hakuna aliyejua kosa ni lipi.

Nilimtazama Kamishna. Alikuwa anapiga makofi. Kwa mazoea tu, maskini.

*

Siku ya nne vijana walirudi na kombe. Lilikuwa kubwa, limewekewa vitunguu viwili ndani na dereva wa lori, zawadi yake. Mji mzima ulikuja kuwapokea, wakaimba, wakamzungusha Mwalimu mabegani. Habari nyingine waliyokuja nayo ni kwamba mtu anayeshukuriwa huhesabiwa yuko safari ya kikazi, hivyo ameteuliwa Kaimu Kamishna. Wamemteua Kamishna wa Mipira Inayopita Chini, yule ambaye hawasalimiani. Ameshaingia ofisini. Ameshabadilisha pazia.

Nilimwambia Mheshimiwa habari hiyo mimi mwenyewe, kwa sauti ya chini, asije akaisikia kwa watu wasiomjali. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Miguu ilikuwa imejaa viatuni kama unga ulioumuka. Hakuna kamba iliyomfunga, wala mlango. Hata askari alikuwa amekwenda kula. Angeshuka ngazi tatu angekuwa mtu huru, angekaa popote, angekunywa maji ya baridi na kuvua viatu. Ila asingekuwa Kamishna. Nilimwona akizitazama zile ngazi, akazitazama tena. Kisha akanyoosha tai.

"Endelea, bibi," akasema.

Siwatu akapanda jukwaani, kombe kwapani. Alimtazama yule mtu kwa muda, akanivuta kiwiko.

"Mke mwenzangu, inatosha. Tumeshashinda. Mwache akakae."

"Nani amemshika?"

"Bibi! Unamlipizia nini tena?"

"Mimi silipizi, mama. Mimi nashukuru."

Akashusha pumzi. Ana moyo mwema, huyu mtoto. Ameurithi kwangu, lakini wake bado haujakomaa. "Umefika wapi kwani?"

"Mwaka wa pili, mwezi wa Machi."

"Klabu ina miaka mitano!"

"Najua. Nilikuwepo. Nenda ukanipikie uji, na mwenzetu umtie sukari."

Akaenda. Mheshimiwa alikuwa na kola iliyokunjika upande mmoja, na mpiga picha alikuwa amekwisha simama. Nikaikunjua, nikamlainishia vizuri pale shingoni, kama ambavyo ningemfanyia mwanangu siku ya kwanza ya shule. Kisha nikakivuta kipaza sauti karibu, nikaanza na mwezi wa Aprili.